Kidude

Nilianza na rangi. Hilo kosa la kwanza.
Siku tatu nachagua buluu ya duka la mtandaoni,
buluu ya kichwa, buluu ya kitufe, buluu isiyochoma macho,
na Bi Mwanasiti ameketi nyuma ya kaunta yake, Shella ya Malindi,
makopo mia mbili na kumi ya maziwa ya unga ukutani,
kila kopo na vyuma vyake. Akaniuliza:
"Na asiyejua jina la anachokitaka,
huyo umemwekea mlango gani?"

Sikuwa na jibu. Nikavuta stuli.

Akaja Kazungu wa Muyeye, grisi mpaka viwikoni,
anaunda vigari vya rimoti vya kushindana uwanjani.
Jina hakulitaja. Alichora duara hewani,
akabana midomo: krrr, krrr, kisha tk.
Bi Mwanasiti hakuinua hata uso,
mkono ukaenda safu ya nne, ukarudi na gia ya meno kumi na mawili.
"Jino moja limekatika," akasema. "Nimelisikia."

Akaja daktari wa meno,
ambaye usiku, akishamaliza kung'oa magego ya watu,
hujenga garimoshi juu ya meza ya kulia,
katika mji huu ambao reli haijawahi kuufikia.
"Kile kidude," akasema, "kama kile cha juzi,
ila chembamba."
Akapewa. Nusura akibusu.

Nikafuta rangi zote daftarini.
Nikaandika: mahali pa kutafutia paelewe "kidude".
Paelewe springi, sipringi, na spirngi ya mwenye haraka.
Paelewe "kile cheusi kinachozunguka".
Paelewe "sijui, lakini gari halikati kona".

Picha tulizipiga adhuhuri, karibu na dirisha.
Mimi nilileta karatasi nyeupe na rula.
Yeye akaweka parafujo kiganjani pake,
hina imefifia, sarafu ya shilingi kando yake.
"Milimita waachie wenye milimita," akasema,
"wengine watazame mkono."
Tukaweka vyote viwili.

Kisha nikampa Kazungu ajaribu,
kwenye simu yake yenye ufa kutoka pembe hadi pembe.
Kitufe changu kilikuwa kizuri, kidogo kama punje ya choroko.
Dole gumba lake likanunua mota arobaini.
Alicheka yeye. Mimi nilirudi nyumbani
nikakikuza kitufe mpaka kikatosha dole la fundi,
nikapunguza uzito wa picha
zifike kabla bando la shilingi kumi halijakata roho.

Na pale penye kosa, mashine ilipotaka kusema
"Ombi lako halikufanikiwa",
Bi Mwanasiti alitikisa kichwa kama aliyeonja mchuzi usio na chumvi.
"Mimi humwambia mtu hivyo?"
Akanitajia, nikaandika neno kwa neno:
*Kopo hilo tupu, mwanangu. Njoo Jumatano,
au niambie unaunda nini, tutafute njia nyingine.*

Tulifungua Ijumaa baada ya Isha.
Oda nne: tatu za daktari.
Lakini saa sita usiku, mtu nisiyemjua,
wa Mpeketoni au Garsen, sikujua,
aliandika kwenye kile kisanduku cha kutafutia:
tk tk krrrr

Nami nilikuwa nimeifunza mashine ule mlio wa Kazungu.
Ikamletea gia, kwa fahari, meno kumi na mawili.
Hakununua. Akaondoka.

Asubuhi nikamsomea Bi Mwanasiti lile andiko,
kwa sauti, kaunta nzima ikinitazama.
Akasimamisha kikombe cha kahawa hewani.
"Soma tena. Polepole."
Nikasoma.
"Hiyo si gia. Tk imetangulia. Hiyo beringi,
tena imeingia mchanga."

Nikafungua daftari.
Nikavuta stuli.